Lubumbashi: giza halimgharimu kitu anayelileta

Katika komini ya Katuba kuna mama mmoja muuza mikate ambaye ana daftari la shule, lile la kurasa mia. Ndani yake hakuna hesabu za mikate. Kuna safu mbili tu: saa moto ulipokuja, saa moto ulipoondoka. Alianza kuandika baada ya jirani yake kumwambia kwamba kelele bila karatasi ni kelele tu. Daftari hilo limejaa usiku kuliko mchana. Moto unakuja saa tano au saa sita za usiku, mtaa mzima unapaza sauti "Moto imerudi!", na hapo siku ya kazi ya wanawake inaanza mara ya pili: kupiga pasi nguo za shule, kuchemsha maharagwe, kuchaji simu za nyumba nzima, kutia maji ndani ya friji yagande kabla ya alfajiri. Jogoo hajawika, giza tena.

Mwisho wa mwezi fakitura inafika, na fakitura haijui kusoma daftari. Nyumba ya mama huyo haina kompteri, kama nyumba nyingi za Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe. Analipa kwa kukadiriwa, bei ile ile kila mwezi, moto uwe umewaka au haukuwaka. Akimuuliza kijana anayeleta karatasi, anajibiwa kwamba yeye kazi yake ni kugawa karatasi, mambo ya moto aulize ofisini. Ofisini wanamwambia tatizo liko kwenye kabini. Kabini haina mdomo.

Kwa miaka mingi watu wa Lubumbashi wamepewa jibu moja: umeme hautoshi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu. Mito ya Kongo ina nguvu ya kutoa megawati karibu 100,000, na mitambo yote iliyojengwa mpaka leo haifikishi hata sehemu moja kati ya ishirini za hizo. Katika nchi nzima, mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye mwenye umeme nyumbani. Hayo yote yanajulikana, na kila waziri anayepita anayarudia kama sala. Nusu ya pili ndiyo haisemwi. Huo umeme kidogo uliopo, unapopotea njiani, unapokatwa ovyo, kabini inapoungua na kukaa wiki nyingi bila kutengenezwa, ni nani anayepata hasara? Mteja. Aliye ofisini hapati hasara yoyote. Na mahali ambapo uzembe haumgharimu kitu anayeufanya, uzembe hauwezi kuisha, hata megawati zikiongezwa mara mbili.

Hesabu yenyewe ni rahisi, hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Nyumba isiyo na kompteri inalipa kiasi kile kile, ipate umeme saa ishirini kwa siku au saa nne. Kwa hiyo kila saa ambayo Katuba inakaa gizani, kampuni haipotezi hata franka moja ya Katuba. Na umeme uliookolewa hapo haulali bure. Unaweza kwenda kwa mteja mwenye kompteri kubwa, anayelipa kwa dola, yaani mgodi. Hakuna haja ya kumtafuta mtu mbaya katika hadithi hii. Mtu yeyote ukimkalisha kwenye kiti hicho, chini ya kanuni hizo, atakata moto wa Katuba na kuacha mgodi uwake. Tatizo liko kwenye kanuni.

Kanuni hizo zinaharibu upande wa pili pia, na hili lisemwe bila aibu. Nyumba inayolipa kwa kukadiriwa haina sababu ya kuzima taa. Moto ukija saa sita za usiku, majiko ya umeme yanawashwa yote kwa pamoja, mengine yanaachwa yanawaka mpaka asubuhi bila chungu juu yake kwa sababu mwenye jiko amelala. Kabini iliyowekwa zamani kwa ajili ya nyumba mia inabeba nyumba mia tatu. Inaungua. Wakaaji wa mtaa wanachangishwa pesa, njia kwa njia, ili kifaa kipya kinunuliwe, na kikishafungwa kinakuwa mali ya kampuni. Mteja amelipa fakitura, amelipa mchango, na hana hata karatasi moja inayosema mchango wake utarudishwa.

Lubumbashi haikuanza leo kuona umeme ukipita juu ya vichwa vya watu. Société Nationale d'Électricité, SNEL, iliundwa mwaka 1970. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Kisha ukavutwa waya wa Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, moja kati ya njia ndefu kuliko zote duniani kwa wakati ule, ili kulisha viwanda vya shaba vya Katanga. Waya huo unabeba umeme wa aina ambayo huwezi kuutega njiani kwa kabini ya kawaida, kwa hiyo vijiji vilivyo chini yake kutoka Bas-Congo mpaka Lualaba vimekaa miaka arobaini vikiutazama. Mpango wenyewe ulikuwa hivyo tangu mwanzo: viwanda kwanza, watu baadaye. Hiyo "baadaye" haijapewa tarehe.

Leo migodi imechoka kungoja, nayo inajenga. Mtambo wa Mwadingusha, ulioanza kazi mwaka 1930 kwenye mto Lufira, ulifanyiwa matengenezo makubwa kwa pesa za kampuni ya Ivanhoe Mines na washirika wake, na mwaka 2021 ukarudi kutoa megawati 78. Pesa hizo ni mkopo kwa SNEL, unaorudishwa kwa kukatwa kwenye fakitura za umeme za mgodi. Ni mpango unaoeleweka, na bila huo Mwadingusha ingebaki vyuma vya kutu. Lakini tazama kilichotokea. Mgodi uliotoa pesa una mkataba, una megawati zake zilizoandikwa, una njia ya kurudishiwa. Mtaa uliochanga pesa za kabini hauna kitu. Wote wawili wameikopesha kampuni ile ile. Mmoja anaitwa mshirika, mwingine anaitwa mteja sugu.

Hapa ndipo kazi ya mdhibiti inapoanza, au inapotakiwa kuanza.

Tarehe 17 Juni 2014 Kongo ilipata sheria namba 14/011 juu ya sekta ya umeme. Sheria hiyo ilimaliza ukiritimba wa SNEL na kufungua mlango kwa watu binafsi kuzalisha, kusafirisha na kugawa umeme. Iliweka pia mamlaka ya udhibiti, inayojulikana kwa herufi tatu, ARE, ili isimamie bei, ilinde ushindani na itetee mtumiaji. Amri ya kuiunda ilitoka mwaka 2016. Viongozi wake waliteuliwa mwaka 2020. Miaka sita kutoka sheria mpaka mtu wa kukaa kwenye kiti! Katika miaka hiyo sita mtoto aliyezaliwa Kalebuka amefika darasa la kwanza, akifanya kazi ya nyumbani kwa mshumaa.

Watu wengi wa Lubumbashi hawajawahi kusikia jina la ARE. Wanajua SNEL, wanajua gavana, wanajua waziri wa Kinshasa. Hawajui kwamba kuna ofisi ya serikali ambayo kazi yake kwa sheria ni kusimama kati ya kampuni na mteja. Basi ni vizuri waelezwe jinsi ofisi kama hiyo inavyofanya kazi katika nchi nyingine, ili wajue cha kudai.

Kampuni ya nyaya haina mshindani. Huwezi kuwa na kampuni tano zinazovuta nyaya tano kwenye njia moja ya Kenya au Kamalondo. Kwa hiyo hakuna soko la kuiadhibu ikifanya vibaya, kama vile muuza mkate mbovu anavyoadhibiwa na wateja wanaohamia kwa jirani. Serikali inatakiwa kutengeneza adhabu hiyo kwa mkono. Njia ya zamani ilikuwa kuiambia kampuni: lete gharama zako zote, tutakulipa, na faida kidogo juu. Ubaya wake unaonekana mara moja. Anayelipwa gharama zote hana sababu ya kupunguza hata moja. Mwaka 1983 mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, Stephen Littlechild, alipewa kazi ya kufikiria namna ya kudhibiti kampuni ya simu iliyokuwa inauzwa na serikali, akapendekeza njia nyingine: weka kikomo cha bei kwa miaka kadhaa, chini kidogo ya mfumuko wa bei, kisha uiache kampuni. Ikipunguza uzembe, inabaki na faida. Ikizembea, inakula hasara yake. Baada ya miaka hiyo unapima upya, na mteja naye anapata sehemu yake kwa bei kushuka. Uingereza iliitumia njia hiyo kwenye umeme pia tangu mwaka 1990.

Hakuna haja ya kwenda mpaka London. Uganda iko karibu zaidi, na mambo yake yanafundisha pande zote mbili.

Mwaka 2005 Uganda iliikodisha kazi ya kugawa umeme kwa kampuni ya Umeme kwa miaka ishirini. Wakati huo karibu asilimia 38 ya umeme ulioingia kwenye nyaya ulikuwa unapotea, mwingine kwa nyaya mbovu na mwingine kwa wizi. Mdhibiti wa Uganda, ERA, aliweka kikomo: bei mnayoruhusiwa kutoza inahesabiwa kwa upotevu wa kiasi hiki, na mwaka ujao kiasi kitashuka. Mkipoteza zaidi ya hapo, ni pesa zenu. Mkipoteza kidogo zaidi, faida ni yenu. Chukua mfano: mdhibiti akiruhusu yuniti 30 zipotee katika kila 100, kampuni inalipwa kama vile inafikisha 70. Ikifikisha 75, zile tano ni zake. Ikifikisha 65, zile tano zinatoka mfukoni mwake. Ghafla nguzo iliyooza ina bei. Ghafla kompteri si zawadi kwa mteja, ni chombo cha kampuni cha kukamata pesa zake. Mkataba ulipofikia mwisho upotevu ulikuwa umeshuka mpaka karibu asilimia 16 au 17, na wateja walikuwa wamepanda kutoka chini ya laki tatu hadi zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakilipa kwa kompteri ya kununua umeme mbele.

Huo ni upande wa jua. Upande wa kivuli ni kwamba mkataba uliihakikishia kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya pesa ilizowekeza, na Waganda waliilipa faida hiyo kwenye bei yao. Wenye viwanda walilia, wabunge walipiga kelele, Rais mwenyewe akaja kusema mkataba hautaongezwa. Mwisho wa Machi 2025 Umeme iliondoka, shirika la serikali UEDCL likachukua nyaya. Serikali ililipa dola milioni 118, kampuni ikasema inadai nyingi zaidi, wakapelekana mbele ya wasuluhishi London. Kwa hiyo asije mtu Lubumbashi akasema dawa ni kuuza kila kitu kwa mtu binafsi. Kikomo cha upotevu kilifanya kazi nzuri. Ahadi ya faida nono iliwaumiza. Ni vitu viwili tofauti, na Kongo inaweza kuchukua kimoja bila kingine.

Kenya, ile ya Nairobi, si komini ya hapa, inafundisha jambo la tatu. Huko mdhibiti EPRA anaiwekea Kenya Power kikomo cha upotevu kilicho chini ya asilimia 20, na kampuni imekuwa ikipoteza zaidi ya asilimia 20. Tofauti haiendi kwa mteja, inabaki kwenye vitabu vya kampuni, na kampuni inalia kila inapotoa hesabu zake za mwaka. Serikali ndiyo mwenye hisa nyingi kwenye kampuni hiyo. Hata hivyo mdhibiti ameshika kikomo. Hili ni muhimu kwa wale wanaosema kwamba shirika la serikali haliwezi kuwekewa kanuni na serikali.

Kuna shimo moja kwenye njia hii ya kikomo, na Waingereza waliligundua mapema. Kampuni ikiambiwa tu "punguza gharama", njia nyepesi ni kutotengeneza kitu. Fukuza mafundi, acha nguzo zianguke, hesabu zitapendeza. Ndiyo maana kikomo cha bei peke yake ni hatari, lazima kifungwe pamoja na kikomo cha giza: mteja asikatiwe zaidi ya saa kadhaa kwa mwezi, na zikizidi alipwe. Brazil wanafanya hivyo. Kampuni ikizidisha saa za giza kuliko zilizoruhusiwa na mdhibiti, fidia inaingizwa kwenye fakitura ya mteja yenyewe, bila mteja kupanga mstari wala kuandika barua. Hebu fikiri karatasi ya SNEL inayofika Ruashi ikiwa na mstari unaosema: mwezi huu umekaa gizani zaidi ya ilivyoruhusiwa, tumekupunguzia kiasi hiki. Mtu angeiweka kwenye fremu ukutani.

Watetezi wa kampuni wana maneno yao, na si ya kudharauliwa. Wanasema serikali yenyewe hailipi. Ofisi za umma, kambi, shule, hospitali zinatumia umeme na madeni yanapanda, kisha serikali hiyo hiyo inaikemea kampuni kwa kukosa pesa. Ni kweli, na ni aibu. Mdhibiti wa kweli angeanza hapo: ofisi ya serikali iwekewe kompteri ya kulipa mbele kama ya mjane wa Bel-Air, ikiisha pesa izime. Wanasema tena kwamba bei imewekwa kwa siasa. Nayo ni kweli. Bei isiyotosha kutengeneza kabini inamdanganya mteja, kwa sababu atailipa kabini kwa mchango wa mtaa, atalipa makala, atalipa mshumaa, atalipa betri. Mama wa Katuba akijumlisha gunia la makala analotia kwenye mbabula kwa sababu moto haupo, anaona kwamba umeme wa bei rahisi usiokuja ndio umeme ghali kuliko wote. Na miti ya msitu wa miombo inayozunguka mji huu ndiyo inayolipa salio.

Wanasema pia watu wanaiba. Nyaya zinakatwa na kuuzwa kama shaba, watu wanaunganishwa usiku na mafundi wa kando, wengine wanaunganishwa mchana na mafundi wanaojulikana. Yote ni kweli. Lakini wizi unaishi vizuri zaidi pale ambapo hakuna anayehesabu. Ukiweka kompteri kwenye kila kabini na kompteri kwenye kila nyumba, tofauti kati ya kilichotoka na kilichofika inaonekana kwa jina la mtaa. Sasa hivi hakuna ajuaye, na wapo wanaopenda isijulikane.

Neno la mwisho la watetezi ndilo gumu. SNEL ni mali ya serikali. Ukiitoza faini, umetoa pesa mfuko wa kulia ukazitia wa kushoto, na mwisho wake ni mwananchi yule yule. Jibu ni kwamba adhabu isiende Kinshasa kabisa. Irudi kwa mteja aliyekaa gizani, kama Brazil, na iguse mkataba wa mkubwa wa kazi: mkurugenzi wa eneo ambaye upotevu wa eneo lake unapanda mwaka baada ya mwaka aondolewe, na fundi ambaye mitaa yake inawaka apate kitu juu ya mshahara. Hakuna maajabu hapo. Hata mwenye magari ya kubeba watu mjini anamlipa dereva wake kwa mtindo huo.

Kuna kundi jingine ambalo mazungumzo ya umeme hayalitaji kamwe. Ni familia zilizofika mji huu zikikimbia vita vya Kivu, na zile zilizotangulia miaka ya nyuma kutoka Mitwaba, Pweto na Manono. Wengi wamepanga chumba kimoja ndani ya parsele ya mtu. Fakitura inakuja kwa jina la mwenye parsele. Yeye anaigawa anavyotaka: vyumba sita, kila chumba kitoe kiasi fulani, mwenye friji na mwenye taa moja sawasawa, na wakati mwingine jumla inayokusanywa inazidi fakitura yenyewe. Anayelalamika anaambiwa atafute chumba kingine. Mbele ya kampuni mtu huyu si mteja, hana jina, hana namba. Mwezi parsele isipolipwa, waya unakatwa hata kama yeye alishatoa sehemu yake. Baba aliyekimbia na watoto wanne na bahasha ya diploma hawezi kwenda ofisi yoyote kusema "umeme wangu", kwa sababu hana umeme wake.

Waliotoka Goma wanashangaa zaidi. Huko walizoea kompteri za Virunga Energies, kampuni iliyoingia baada ya mlango kufunguliwa na kuleta umeme wa maji kutoka Matebe, Rutshuru. Bei yake haikuwa rahisi, na waliilalamikia. Lakini mtu alinunua umeme wa pesa alizonazo, akaona namba zikishuka, akajua alichotumia. Hapa Lubumbashi, mji wa shaba, mji ambao waya za dunia nzima zinatoka ardhini mwake, wanalipia kitu ambacho hakipimwi.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa na umeme inahakikishwa. Haisemi inahakikishwa kwa mwenye parsele. Kwa hiyo mdhibiti anaweza kuamuru kompteri ndogo kwa kila mpangaji, au angalau karatasi ya fakitura ibandikwe mlangoni pa parsele ili kila mtu aone jumla. Hiyo ya pili haigharimu hata franka mia. Inahitaji amri na mtu wa kuifuatilia.

Na kabla ya kompteri kufika kila mahali, kuna mambo ambayo yangeweza kuanza mwezi ujao. Ratiba ya kukata moto itangazwe redioni, kwa mtaa, kwa saa, na iheshimiwe. Mtu anaweza kuishi na giza analolijua. Nyumba isiyo na kompteri itozwe kwa saa ambazo kabini yake ilikuwa na moto, si kwa mwezi mzima, na hapo kampuni itaona yenyewe haraka ya kufunga kompteri. Mtaa unaonunua kifaa cha kabini uandikiwe deni, upunguziwe kwenye fakitura mpaka liishe, sawa na mgodi. Takwimu za umeme unaoingia Lubumbashi na unaofika kwa wateja zitolewe kila miezi mitatu, kiasi cha migodi kando, kiasi cha mji kando. ARE ipokee malalamiko hapa hapa mjini, kwa Kiswahili, kwa mdomo na kwa karatasi, na itoe jibu lenye tarehe. Kinshasa ni mbali kwa mtu ambaye nauli ya kutoka Kisanga mpaka katikati ya mji inampa mawazo.

Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya ziwa Kariba, Zambia ilikata watu wake kwa saa nyingi sana kwa siku, na migodi ya huku inayonunua umeme wa kusini ikatafuta megawati mahali pengine. Mahali pengine ni wapi? Wakaaji wa mji hawakuambiwa. Kama takwimu zingekuwa zinatolewa, kila mtu angejua ni megawati ngapi ziliondoka kwenye mitaa kwenda kwenye tanuri za shaba, na kama kuna aliyelipwa fidia. Labda hazikuondoka. Basi zionyeshwe.

Kuanzia wiki hii, anayetaka kulalamika aanze kwa daftari. Aandike tarehe, saa ya kuja, saa ya kuondoka, jina la mtaa na la kabini. Aweke pamoja nakala ya fakitura, na kama kuna mchango wa kabini, orodha ya waliotoa na sahihi zao. Mpangaji aandike alichompa mwenye parsele na aombe risiti, hata ya kipande cha karatasi. Wa njia moja wafanye pamoja, maana karatasi ya mtu mmoja inapotea mezani na karatasi ya nyumba hamsini ni nzito kidogo.

Mama wa Katuba amefika kwenye daftari la pili. La kwanza ameliazima kwa jirani wa upande wa pili wa njia, mama aliyetoka Bukavu, ambaye alitaka kuona jinsi ya kuchora zile safu mbili. Ameongeza ya tatu: alicholipa.